Picha ya Nani?

Mtu mmoja amesimama pembezoni mwa mji wenye vumbi. Ameshika mnyororo mnene, na mwisho wa mnyororo huo yupo fisi aliyefungwa mdomo. Mtu yule hatabasamu wala hakunji uso. Anamkabili mpigapicha kama anayengoja kuulizwa shida yake. Rangi zimefifia, na mbingu iliyo juu yake haina jua wala wingu la mvua. Hiyo ni mojawapo ya picha ambazo Pieter Hugo, mpigapicha wa Afrika Kusini aliyezaliwa mwaka 1976, alizipiga nchini Nigeria mwaka 2005 na tena mwaka 2007, kisha akazikusanya katika kitabu kiitwacho The Hyena & Other Men. Picha moja katika hizo ilipata tuzo ya kwanza ya picha za sura katika mashindano ya World Press Photo ya mwaka 2006, na tangu hapo mtu na fisi wake wamekuwa wageni wa kudumu katika majumba ya sanaa ambayo wao wenyewe hawajapata kuyaona.

Mwanzo wa safari ya Hugo ulikuwa picha nyingine, mbaya na ya haraka, iliyopigwa kwa simu ya mkononi katika mtaa mmoja wa Lagos. Ilionyesha watu wakipita njiani na fisi kama wengine wapitavyo na mbwa. Uvumi ukaenea, na magazeti yakauandika, kwamba watu hao ni wezi wa benki, wauza dawa za kulevya, watoza madeni kwa nguvu. Hugo alipowafikia, katika kitongoji nje ya Abuja, alikuta jambo jingine kabisa: jamaa wachache, mtoto mmoja wa kike, fisi watatu, nyani wanne na chatu kadhaa. Walikuwa ni watu wa ngoma na maonyesho, wanaotembea mji kwa mji, wakikusanya watu kwa vituko vya wanyama kisha wakiwauzia dawa za asili. Wahausa huwaita gadawan kura, yaani waongozaji wa fisi, na kazi yao ni ya kurithi. Akasafiri pamoja nao, na baada ya miaka miwili akarudi tena.

Kwa msomaji wa pwani, fisi si mgeni. Katika ngano ni mlafi anayedanganywa na sungura kila jioni na kila asubuhi anasahau. Huko bara husemwa kuwa wachawi humpanda usiku. Methali nayo inaonya kwamba fisi akimla muwele, mzima funga mlango. Mnyama mwenye sifa hizo angetarajiwa kuingia katika picha kama kitisho au kichekesho. Lakini katika picha ya Hugo hakuna kicheko, na baada ya kuitazama kwa muda kitisho nacho huondoka. Kinachobaki ni uchovu wa viumbe wawili waliofungwa katika mnyororo mmoja, kila mmoja upande wake.

Hugo ameeleza kwamba watazamaji wake, hasa wa Ulaya, hukimbilia kuuliza hali ya wanyama: wanakula nini, wanapigwa kiasi gani, nani awaokoe. Yeye huwarudishia swali: mbona hawaulizi ni dhiki gani inayowafanya watu wakamate wanyama wa mwituni ili wapate riziki? Jibu hilo lina uzito wake, kwa kuwa kuna huruma iliyo nyepesi kwa mnyama kwa sababu mnyama hatakuja kuomba viza, wala hatadai ujira wala kubisha hodi. Mtu anayemlilia fisi asimwone aliyeshika mnyororo amechagua huruma isiyomgharimu. Hata hivyo, jibu la Hugo halimalizi shauri. Kumwambia anayelalamikia dhuluma moja kwamba ipo nyingine kubwa zaidi ni sawa na kumwambia mgonjwa wa jino kwamba jirani anaumwa kichwa. Njaa ya mtu haikifungui kinywa cha fisi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na katika picha hii wanyonge ni wawili.

Ndipo linapokuja swali lenyewe, ambalo si la Nigeria peke yake. Katika miaka hii ambapo picha ya sura imehesabiwa kuwa sanaa kamili, ikauzwa kwa mnada na kuandikiwa vitabu, wapigapicha wengi wamependa kumweka mtu na mnyama katika fremu moja. Mtu anaweza kuulizwa kama anaridhia. Mnyama hawezi. Je, picha hiyo ni ya nani, na nani mwenye haki ya kuitoa?

Kiswahili kimeliweka swali hili wazi kuliko lugha nyingi. Mtu akisema "picha yake," anaweza kukusudia mambo matatu: picha aliyoipiga, picha anayoimiliki, au picha ambayo sura iliyomo ni yake. Picha ya fisi wa Nigeria ni ya Hugo kwa maana ya kwanza. Kwa maana ya pili ni ya tajiri au jumba lililoinunua. Kwa maana ya tatu ni ya mtu yule na mnyama wake. Hao wawili wa mwanzo wana hati. Wa tatu wana sura tu.

Tena sarufi imemwonea mnyama imani ambayo falsafa nyingi zimemnyima. Jina "fisi" linafanana kwa umbo na nguo na nyumba, lakini hakuna Mswahili asemaye "fisi inakuja." Fisi anakuja, punda analia, nyuki wanaruka, kama ilivyo kwa mtu. Ni pale tu anapogeuka kuwa kitu ndipo upatanisho unapomvua heshima hiyo: ng'ombe anachinjwa, nyama inapikwa. Picha nayo ni "i." Mtu na mnyama huingia mbele ya lenzi wakiwa "wa," wakatoka upande wa pili wakiwa "i," kitu cha kutundikwa, kupangwa bei na kufungwa katika sanduku la mbao kupelekwa ng'ambo. Badiliko hilo si dogo, na wenye kupenda sanaa hii hawana budi kulikabili kabla ya kusifu mwanga na kivuli.

Habari ya kivuli inakumbusha hoja moja ya zamani. Picha za kamera zilipoenea katika nchi za Kiislamu, wanazuoni waliulizana kama zimo katika makatazo ya kuchora viumbe wenye roho. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa mufti wa Misri tangu mwaka 1914, aliandika risala ya kuzihalalisha. Hoja yake ilikuwa kwamba mpigapicha haumbi wala haigi uumbaji. Anachofanya ni kukizuia kivuli, kama sura iliyo kwenye kioo ambayo imekatazwa kuondoka. Neno la Kiarabu lililotumika katika hoja hiyo, habs, ndilo hilo hilo la kifungo na gereza. Wengine hawakukubaliana naye, na ubishi haujesha. Lakini kwa mjadala huu hoja yake inafaa kwa namna ambayo pengine hakuikusudia. Ikiwa picha ni kivuli kilichofungwa, basi picha ya fisi mwenye mnyororo ni kifungo juu ya kifungo. Mtu akishamaliza maonyesho ya siku hiyo anaweza, angalau kwa hisabu za karatasini, kuuweka mnyororo chini akaenda zake. Kivuli chake kilichoko ukutani hakiwezi, na cha fisi hakiwezi.

Wapo watakaosema kwamba tatizo ni ukali wa mfano huu: ukimwondoa mnyororo, utaondoa aibu. Basi na itazamwe picha isiyo na mnyororo hata mmoja. Tarehe 9 Mei 1981, huko Davis, California, Richard Avedon alimpiga picha mfuga nyuki aitwaye Ronald Fischer. Avedon alikuwa akifanya kazi aliyopewa na jumba la makumbusho la Amon Carter la Texas, kazi ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la In the American West, na mfuga nyuki huyo alimpata kwa kutoa tangazo katika jarida la wafuga nyuki. Fischer amesimama kifua wazi mbele ya karatasi nyeupe. Hana nywele kichwani, ngozi yake ni nyeupe mno, na nyuki wametanda mabegani, kifuani, shingoni na usoni, naye ametulia kama mtu aliye katika sala. Hakuna aliyemlazimisha. Ridhaa yake ilikuwa kamili: alijitokeza mwenyewe, akasafiri, akavumilia.

Na nyuki? Nyuki waliletwa kwa hila. Mtaalamu wa wadudu alimpaka Fischer harufu ya malkia wa nyuki, nao wakamwendea wakidhani wanamfuata malkia wao. Hawakuumizwa kwa makusudi, hawakufungwa. Walidanganywa tu katika jambo ambalo kwa nyuki ni kubwa kuliko yote. Huenda mtu akacheka kusikia kwamba nyuki wamedhulumiwa katika picha, na kicheko hicho kina haki yake, kwani pasipo mpaka mtu atashindwa hata kufukuza nzi. Lakini mfano unafundisha jambo moja ambalo mfano wa fisi unalificha. Kila picha ya mtu na mnyama inaeleza hadithi kwa upande wa mtu. Kwa Fischer, ile ni picha ya utulivu na ushujaa. Kwa nyuki ni hadithi ya malkia ambaye hakuwapo, na hadithi hiyo hata picha nzuri kama ile haiwezi kuionyesha, kwa kuwa harufu haionekani.

Ya mbwa hayahitaji maneno mengi. William Wegman wa Marekani alianza mwaka 1970 kumpiga picha mbwa wake wa jamii ya Weimaraner, aliyempa jina la msanii Man Ray, na baada ya mbwa huyo kufa mwaka 1982 akaendelea na wengine, akiwavika nguo na kuwakalisha vitini. Mbwa wale walipenda kazi hiyo, wanasema waliowaona, na hapana sababu ya kukataa. Mbwa hupenda chochote kinachomkalisha karibu na bwana wake. Kama kuna kosa katika picha hizo, basi ni la kucheza mno.

Gregory Colbert ni jambo jingine. Maonyesho yake yaliyoitwa Ashes and Snow yalifunguliwa mwaka 2002 katika Arsenale ya Venice, na mwaka 2005 yakahamia New York, ndani ya jengo lililosanifiwa na Shigeru Ban kwa makontena ya meli. Picha zake ni kubwa, rangi yake ni ya kahawia kama karatasi ya kale, na ndani yake watoto wamefumba macho miguuni pa tembo, mtawa anasoma, duma ameketi karibu na binadamu bila ya hofu. Hakuna mnyororo, hakuna mji, hakuna taka, hakuna anayeuza kitu. Hakuna pia majina: picha zilitundikwa bila ya maelezo. Mamilioni ya watu walizitazama na wengi wakatoka na machozi. Uzuri wake haukanushiki. Ila ni uzuri wa ndoto ya mtu aliyechoka na ulimwengu, si wa tembo. Tembo anayekubali kukaa hivyo karibu na mtoto amezoeshwa na mtu fulani, kwa miaka, kwa njia fulani, na mtu huyo na njia hiyo vimeachwa nje ya fremu. Hugo, pamoja na ukali wake wote, aliandika chini ya picha zake jina la mtu na jina la fisi. Mtazamaji anajua kwamba fisi yule aliitwa kwa jina na akaitika. Kati ya picha inayoonyesha mnyororo na picha inayouficha, ya kwanza ina adabu zaidi, ijapokuwa inaumiza.

Neno adabu halikuja kwa bahati. Katika karne ya nne ya Hijria, yaani karne ya 10 Miladia, wanazuoni wa Basra waliojiita Ikhwan al-Safa waliandika katika risala zao kisa cha mashtaka ya wanyama dhidi ya binadamu. Kisa kinaanzia kisiwani. Wanyama waliishi humo kwa amani chini ya mfalme wa majini, hata tufani ikasukuma jahazi ufuoni na abiria wake wakashuka. Wakaipenda nchi, wakakaa, na haukupita muda wakaanza kuwakamata wanyama, kuwapakia mizigo na kuwapanda, wakidai kwamba wote ni watumwa wao waliotoroka. Wanyama wakaenda kushtaki. Mbele ya mfalme, watu walileta hoja moja baada ya nyingine: umbo lao lililosimama wima, wingi wa elimu yao, sanaa zao, mavazi yao. Na kila hoja ikajibiwa na mnyama. Kuhusu mavazi, mathalani, waliulizwa manyoya na hariri wanayojipambia wameyatoa kwa nani.

Mwisho wa kisa umewasumbua wasomaji wengi. Baada ya wanyama kushinda karibu kila hoja, mfalme anaamua kwamba wabaki chini ya amri ya binadamu, kwa kuwa miongoni mwa binadamu wamo watu wema wenye sifa tukufu na ahadi ya akhera. Wako wanaoona kwamba waandishi waliogopa. Lakini hukumu ile, ikisomwa kwa utulivu, haiwapi watu umiliki, inawapa dhamana. Wanyama wanawekwa chini ya mtu kwa sababu ya wema unaowezekana kwake, maana yake ni kwamba wema huo ukikosekana, hukumu nayo haina mguu wa kusimamia. Hapa ndipo neno "ridhaa," ambalo wahakiki wa picha hulitumia sana, linapoonekana kuwa halitoshi. Ridhaa ni baina ya wawili wanaoweza kukataa. Baina ya mtu na aliye mikononi mwake, watu wa pwani wana neno jingine, nalo ni amana. Mtoto hakuulizwa kama anaridhia kulelewa na yatima hakuulizwa kama anaridhia wasii wake. Hakuna anayesema kwa sababu hiyo kwamba mlezi na wasii hawana la kuulizwa. Kinyume chake, wao ndio huulizwa zaidi.

Amana ina maswali yake, nayo ni magumu kuliko ya ridhaa, kwa sababu hayaishi kwa kutia saini. Aliyeshika amana huulizwa ameitumiaje, ameionyesha kwa nani, na kama mwenyewe angekuwapo angeona haya. Huulizwa pia habari ya sitara. Mnyama hajui aibu, na ndiyo maana sitara yake imo mikononi mwa anayemtazama.

Lamu hutoa mfano wa karibu. Mji ule wa kale, ulioandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, umejengwa kwa vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita, na tangu zamani mawe ya matumbawe, mchanga, saruji na magunia hubebwa na punda. Hakuna kiumbe wa Lamu aliyepigwa picha nyingi zaidi ya punda na kijana anayemwongoza: ukuta mweupe nyuma yao, mwanga wa alasiri, mlango wa nakshi ukionekana nusu. Picha hizo zimo katika kalenda na vitabu vikubwa vya mezani. Ni chache mno zinazoonyesha mgongo wa punda pale mzigo unapomchubua, au mkono wa kijana uliopasuka kwa saruji. Wakati huohuo, tangu mwaka 1987 iko Lamu zahanati ya punda, ambako huletwa na wenyewe kutibiwa bila ya malipo, na wanaowaleta ni wale wale ambao mgeni angeweza kuwadhania wakatili. Kijana anayemleta punda wake kutibiwa kidonda amefanya tendo la amana. Picha yake akiwa ameketi kwenye baraza la zahanati akingoja zamu isingeuzwa kwenye kalenda. Lakini ingekuwa picha ya sura kwa maana kamili, na ingewahusu wawili.

Mpigapicha aliyekaribia jambo hili kwa juhudi kubwa zaidi katika Afrika ya Mashariki ni Nick Brandt, Mwingereza aliyefika Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 1995 kuongoza filamu fupi ya wimbo wa Michael Jackson uitwao Earth Song. Kwa miaka mingi alipiga picha za tembo na simba peke yao, kwa rangi nyeusi na nyeupe, kama mchoraji anayewachora wafalme. Kisha mtu akaanza kuingia. Katika Inherit the Dust, ya mwaka 2016, alisimamisha picha za wanyama zenye ukubwa wao halisi katikati ya majalala na machimbo ya Kenya, mahali ambapo zamani walipita, huku watu wakiendelea na kazi zao bila ya kugeuka. Katika This Empty World, ya mwaka 2019, mnyama alipigwa kwanza na watu baadaye, kamera ikiwa mahali palepale, na picha mbili zikaunganishwa. Katika kazi zote hizo mbili mtu na mnyama hawakuonana.

Walionana katika The Day May Break. Picha za sehemu ya kwanza zilipigwa mwaka 2020 nchini Zimbabwe na Kenya. Watu waliomo ni waliopoteza nyumba, mashamba au mifugo kwa ukame, mafuriko na vimbunga. Wanyama waliomo ni waliookolewa kutoka mikononi mwa majangili au katika misiba mingine, wakazoea watu kiasi ambacho hawawezi kurudi porini. Wote wamo katika fremu moja kwa wakati mmoja. Ukungu uliotengenezwa kwa mashine umewafunika, miti inaonekana kwa shida, na mtu ameketi kwenye kiti au kitanda kana kwamba nyumba imeondoka na kumwacha na samani zake. Hawatazamani, mtu na mnyama. Kila mmoja ametazama upande wake, kama wasafiri waliokutana kwenye baraza la hospitali.

Ukungu huo umesifiwa sana, na ni kweli kwamba unaunganisha. Lakini pia unaficha: unaficha uzio, gari la mtunzaji, ndoo ya chakula iliyomleta mnyama karibu. Anayemlaumu Colbert kwa kuuficha mnyororo hana budi kuuliza kama Brandt hakufanya vilevile kwa kitambaa kizuri zaidi. Tofauti ipo, nayo imo katika maandishi. Kitabu cha Brandt kimeeleza habari za kila mtu kwa jina lake, alikotoka na alichopoteza, na habari za kila mnyama kwa jina lake, alipookotwa na kilichompata. Picha imeficha uzio, maneno yameusema. Kwa washairi jambo hilo lisiwe geni. Picha peke yake haijawahi kuwa shahidi kamili, na sura bila ya jina ni mateka.

Miongoni mwa wanyama waliopigwa picha na Brandt Kenya yumo Najin, kifaru mweupe wa kaskazini. Alizaliwa mwaka 1989 katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, katika nchi iliyoitwa Chekoslovakia wakati huo, na mwezi Desemba 2009 akapelekwa Ol Pejeta, Laikipia, pamoja na binti yake Fatu, dume aitwaye Suni, na Sudan, aliyekuwa baba yake Najin. Suni alikufa mwaka 2014. Sudan alikufa tarehe 19 Machi 2018, akiwa dume wa mwisho wa jamii hiyo. Katika saa zake za mwisho Ami Vitale, mpigapicha wa Marekani, alimpiga picha akiwa na mmoja wa watunzaji wake: kijana ameinama, uso wake umeegemea kichwa cha kifaru, macho yamefumba. Picha hiyo imezunguka dunia nzima, na huenda ndiyo picha ya mtu na mnyama iliyoonwa na watu wengi kuliko zote katika miaka hiyo. Haikutengenezwa. Hapakuwa na ukungu wala karatasi nyeupe, na mtunzaji hakuwa akifikiria kamera. Mtu anaweza kusema kwamba hata hivyo palikuwa na mtu wa tatu pale, amesimama, anabonyeza. Ni kweli. Lakini ipo desturi ya kale ya kuwa na shahidi kitandani pa anayekufa, na si kila shahidi ni mdokozi.

Alipobaki Najin na binti yake peke yao duniani, wataalamu walianza mwezi Agosti 2019 kuwatoa mayai ya uzazi, ili viinitete vitengenezwe katika maabara na kupandikizwa kwa vifaru wengine. Kila mara ilibidi walazwe kwa dawa ya usingizi. Brandt alimpiga picha Najin mwaka 2020, katikati ya kazi hiyo: mwili mkubwa, kichwa kimeshuka, na watu wamo pamoja naye ndani ya ukungu. Mwezi Oktoba 2021 wataalamu, baada ya kukaa na mwanafalsafa wa maadili na kupima madhara na faida, walitangaza kwamba Najin hatatolewa mayai tena. Alikuwa na miaka 32, mayai yake yalikuwa yamepungua, na mwilini mwake palionekana uvimbe. Jamii nzima ya vifaru ilikuwa imebakiwa na majike wawili, na huyu mmoja akapewa ruhusa ya kupumzika. Hakuiomba, kwa kuwa hakuwa na namna ya kuomba. Walimwachia kazi moja tu iliyobaki: mtoto akizaliwa siku moja kwa jike wa jamii nyingine, Najin amwonyeshe namna ya kuwa kifaru.